Kambare na Mifuko ya Tope Niliyoifungua

Karatasi imeletwa kwangu na dereva wa kituo cha utafiti wa kinamasi, imekunjwa mara nne, inasema niandike ukurasa mmoja juu ya mtumishi wa zamani, "kwa ufupi na kwa lugha nyepesi", kwa ajili ya kitabu cha kituo. Ukurasa mmoja. Mtu ameingia kinamasini miaka thelathini na moja, halafu habari zake zienee upande mmoja wa karatasi. Na kwa nini mimi? Kituo kimejaa watu waliosoma mpaka macho yakachoka. Mimi kusoma nimejifunzia darasa la watu wazima nikiwa na wajukuu tayari, na nikiandika mstari unapanda mlima. Wamesema hakuna mwingine aliyebaki anayekumbuka. Hilo ni kweli. Tumebaki mimi na yeye mwenyewe, na nilipomuuliza akasema, "Andika wewe, shemeji. Mimi nimezoea kuandika kwenye mifuko tu."

Haya, naandika. Mjukuu wangu amenyoosha herufi. Maneno nimemkataza asiyaguse.

Jina lake la kwenye jalada mnalo. Sisi tulimwita Kambare, kwa sababu alikaa topeni kuliko alivyokaa nyumbani, na kwa sababu ya zile ndevu zake nne za kidevuni ambazo hazikuongezeka hata moja tangu ujana. Yeye jina alilikubali. Mkewe hakulikubali, alisema yeye hakuolewa na samaki. Mkewe huyo ni Mama Pacha, binti wa mama yangu mdogo, kwa hiyo ni ndugu yangu, na Kambare ni shemeji yangu. Nasema haya mapema kwa sababu undugu huo ulikuja kutuponza.

Baba yake alikuwa mkata matete. Kambare amekulia ndani ya kinamasi kile kilicho chini ya mji, akibeba mafungu ya matete kichwani kwenda kwa wasuka mikeka. Shule aliiacha darasa la nne. Siku wataalamu wa kwanza walipokuja na gari lao, gari liliingia topeni mpaka milangoni. Wakazunguka wanalisukuma, na kila aliyesukuma naye akazama. Kambare akatokea na fungu lake, akalitua chini, akawaambia hapa mnapokanyaga ni kifuniko tu, chini hakuna kitu, sogeeni kule kwenye mizizi. Akawakatia matete, akayatandika mbele ya magurudumu, gari likatoka. Mkubwa wao akamuuliza kama anataka kazi. Yeye akauliza kama ina viatu.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kinamasini kulichimbiwa nguzo kumi na mbili, kutoka mahali mifereji ya mji inapomwaga maji mpaka mahali maji yanapotokea kwenda mtoni. Kila mwezi Kambare aliingia na bomba refu, akafika kwenye kila nguzo, akalisukuma bomba topeni kwa kifua, akaziba juu kwa kiganja, akalivuta. Tope lilitoka zima, limesimama kama mshumaa mnene. Alilikata vipande vitatu. Juu kabisa kuna kingozi chembamba cha kahawia, unene wa ukucha. Chini yake tope la kijivu. Chini zaidi linaelekea weusi wenye buluu na lina harufu ya yai viza. Kila kipande mfuko wake, kwa hiyo mifuko thelathini na sita kila mwezi.

Kufunga mfuko kwake kulikuwa ibada. Aliukamua kwa viganja mpaka plastiki ikashika tope kama ngozi, hewa isibaki hata ya kuzima kiberiti, akausokota shingo, akaukunja, akausokota tena, ndipo akatia mpira. Aliandika juu kwa penseli, kwa sababu wino hukimbia ukiona maji. Halafu kwenye sanduku la barafu, na mbio kituoni.

Nguzo ya saba ilikuwa na nyigu. Miaka mitatu mfululizo nyigu walijenga kwenye tete lililoinamia nguzo ile. Mwingine angechota tope hatua kumi kando yake na nani angejua? Yeye alikwenda pale pale, akarudi na kope imevimba, jicho limefunga. Mama Pacha alimwambia tope ni tope. Akajibu kwamba nguzo haikuwekwa pale kumpendeza yeye.

Mimi nilikuwa mwosha chupa na mpiga deki wa kituo, kibarua wa siku, siyo mwajiriwa. Nilikuwa na ufunguo wa mlango wa nyuma. Kazi yangu niliijua vizuri kuliko walionipa. Chupa za maabara si za kuoshwa na mtu yeyote tu, unaziosha kwa sabuni, unazisuuza kwa dawa kali, unazisuuza mara tatu kwa maji ya mvuke uliopozwa, na ole wako uzifute kwa kitambaa. Sijawahi kurudishiwa chupa. Kambare nilimwona mtu wa kuchafua sakafu. Nilikuwa nikimwambia akifika mlangoni, "Shemeji, simama hapo hapo, tope lako lina mwenyewe lakini sakafu ni yangu." Naye alisimama, akapitisha sanduku kwa mkono.

Sasa nakuja kwenye jambo lenyewe, nalo mkono wangu umo.

Ni miaka ishirini na mitatu imepita. Kambare alileta mifuko yake Jumatano adhuhuri, ikaingia kwenye friji ya maabara. Kesho yake kulikuwa na mapumziko ya serikali yakaungana na mwisho wa wiki, ofisi zikafungwa mpaka Jumanne. Na Jumanne hiyo kulikuwa na wageni, wale wa kukagua. Mkuu wa kituo, mwanamume wa kalamu tatu mfukoni, alinisimamisha kwenye ukumbi akasema asubuhi hiyo hataki kusikia harufu yoyote ndani ya jengo. Nikamwambia hataisikia.

Jumatano jioni umeme ukakatika. Alhamisi nilipoingia kupiga deki nikakuta friji inatoa machozi na jengo zima linanuka kama mtu amekufa ndani yake. Nikafungua friji. Ni ile mifuko.

Mimi nimelea watoto sita. Kinachonuka hupewa hewa. Godoro, viatu, nguo za mtoto, vyote dawa yake ni dirisha. Nikachukua magazeti, nikayatandaza kwenye meza ndefu ya chumba cha nyuma, nikafungua mifuko mmoja mmoja, kila tope kwenye gazeti lake na mfuko wake chini yake, visije vikachanganyika. Nikafungua madirisha yote. Nilikuja kila siku kuangalia. Nikiona tope linaanza kupasuka nalinyunyizia maji kidogo, maana lake ni la majimaji, sikutaka libadilike sura. Siku ya tano, Jumatatu jioni, halikunuka tena hata ukiweka pua juu yake. Nikalirudisha lote kwenye mifuko, nikafunga, nikapanga kwenye friji ambayo sasa ilikuwa inanguruma vizuri. Jumanne wageni walipita, na mmoja akasema kituo ni kisafi. Mkuu alinitazama akatikisa kichwa kwa kuridhika. Nikafurahi. Sina sababu ya kuficha hilo.

Vipimo vilifanyika siku ile ile. Ijumaa Kambare akaitwa.

Nilikuwa napiga deki nje ya mlango wa Mkuu na mlango ulikuwa wazi. Mkuu alimwambia kwamba majibu yametoka na tope lile siyo la kinamasini. Ni udongo wa shambani, uliokaa kwenye hewa. Kwa maneno mengine, hukuingia majini mwezi huu, umechota udongo kwenye lile shamba la maharage kando ya barabara, ukaulowesha, ukaenda zako nyumbani kupumzika na wengine.

Kambare akasema, "Mzee, Jumatano nilirudi nimelowa mpaka kiunoni. Barabarani hakuna maji ya kiuno."

"Suruali siyo kipimo," Mkuu akasema.

Akapewa barua ya onyo, na akaambiwa akae nyumbani mpaka kikao kitakapokaa, wiki mbili. Kikao kikimwona na hatia anafukuzwa, na vile vyumba viwili vya kituo anavirudisha, yeye na Mama Pacha na wale mapacha waliokuwa darasa la sita. Alitoka akiwa ameishika barua kwa vidole viwili, pembeni kabisa, kama anaogopa kuichafua. Akapita kwenye sakafu yangu mbichi. Nikaipiga deki upya nyuma yake.

Wakati ule bado sikujua. Nilidhani labda kweli amechoka, nyigu wamemshinda. Niliingia chumba cha kuoshea chupa, akaja dada wa vipimo, tuliyemwita Miwani, msichana mwenye maneno machache na mikono safi. Alikuwa na huzuni. Akasema mama, mimi mwenyewe nimerudia mara tatu, sikuamini. Nikamwuliza amejuaje kwamba ni udongo wa shambani, mbona mimi naona tope ni tope.

Basi akanieleza. Nitaandika kama nilivyoelewa, na aliyesoma zaidi anisahihishe kimoyomoyo.

Alisema maji machafu ya mji yanabeba kitu kinaitwa naitrojeni, kutoka vyooni, jikoni, na kwenye mbolea za mashamba. Ni ile ile moja, lakini huvaa kulingana na mahali ilipo. Ndani ya tope lililofunikwa na maji hewa haiingii, basi hukaa kama amonia. Hiyo ndiyo nguo yake ya kushindia. Inang'ang'ania udongo, haiendi popote. Juu kabisa, kwenye kile kingozi cha kahawia, kuna hewa kidogo. Na pembeni ya mizizi ya matete pia, kwa sababu tete lina uwazi ndani ya bua na hushusha hewa mpaka chini kama mrija. Mahali hapo pana vijidudu vinavyoivua ile amonia na kuivisha nguo ya kutokea, naitreti. Hii haishiki udongo, inatembea na maji. Lakini ikitembea ikashuka tena kusiko na hewa, inakutana na vijidudu vya aina nyingine. Hivi havina hewa ya kuvuta, vinapumua kwa kuila ile nguo, na naitrojeni inabaki uchi, inapanda juu kama kiputo, inarudi angani ilikotoka. Ndiyo kazi ya kinamasi. Maji yanaingia na uchafu, yanatoka na nafuu, na hakuna aliyelipwa mshahara.

"Kwa hiyo," Miwani akasema, "tope la chini haliwezi kukutwa na naitreti nyingi. Ikishuka tu inaliwa. Haya matope ya Kambare yamejaa naitreti mpaka kipande cha chini kabisa, na amonia imepungua sana. Hayo ni ya mahali penye hewa."

Nikaendelea kuosha. Nikamwuliza, "Na lile la kinamasini, likipewa hewa?"

"Linageuka."

"Kwa muda gani?"

"Kwa joto hili? Siku nne, tano, unaona tofauti."

"Hata likinyunyiziwa maji lisikauke?"

"Hapo ndipo vijidudu vinapenda zaidi." Akanitazama juu ya miwani. "Mama, umeanza lini kupenda habari za tope?"

"Leo," nikasema.

Chupa zile nilizisuuza mara sita.

Nilikwenda kwa Kambare jioni ile. Nilimkuta mlangoni anaziba buti lake kwa kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli, anakipaka gundi, anakikandamiza kwa kisigino. Mtu amezuiwa kuingia kinamasini na anaziba buti. Mama Pacha alikuwa ndani. Sikuamkia, nikamwambia moja kwa moja kwamba mifuko niliifungua mimi.

"Najua," akasema.

Nikamwuliza anajua tangu lini.

"Tangu Jumanne. Nilifungua friji kutafuta penseli yangu. Mifuko yangu mimi nasokota, nakunja, nasokota. Ile ilikuwa imefungwa fundo la mfuko wa sukari."

"Na mbele ya Mkuu ukanyamaza?"

"Wewe ni kibarua, shemeji. Ungetolewa kabla ya chai. Mimi angalau wananichunguza kwanza." Akageuza buti, akaangalia gundi. "Na kingine. Mifuko yote niliandika USIFUNGUE."

Akaishia hapo. Alikuwa anajua. Watu wote pale kituoni walidhani nasoma. Nilipoandikishwa niliulizwa kama najua kusoma nikasema najua, kwa sababu aliyekuwa mbele yangu kwenye foleni alisema hajui akarudishwa nyumbani. Miaka tisa nilikuwa naokota karatasi sakafuni na kuzikunjia uso kama nazisoma, kumbe naangalia kama ni za kutupa. Yale maandishi kwenye mifuko niliyadhani ni namba.

Ningetakiwa kumshukuru. Sikumshukuru. Nilipandwa na hasira ambayo mpaka leo sijaijutia yote. Nikamwuliza ni nani aliyemtuma anibebee mzigo wangu, kwani nimekuwa mtoto, kwani nimemwomba. Yeye akasema hakuna aliyemtuma, ila mapacha ni wawili na wa kwangu ni sita. Nikamwambia wa kwangu nawalisha mimi. Akasema hajakataa. Mama Pacha akasema kutoka ndani, bila kutoka, "Waacheni hao wagombanie kufukuzwa. Mimi nafunga vyombo."

Jumatatu nikaingia kwa Mkuu. Ndani walikuwamo Miwani, dereva na mtu wa masijala, kila mmoja na shida yake. Sikusubiri watoke. Nikasema lile tope ni la kinamasini, Kambare aliingia majini kama kawaida, mimi ndiye niliyelitandaza siku tano kwa sababu ya harufu.

Mkuu aliweka kalamu chini. "Kila mfuko umeandikwa usifungue."

"Ndiyo."

"Na wewe unasoma."

"Nilisema nasoma," nikamjibu. "Sijui kusoma. Sijui hata A."

Dereva akaangalia dirishani. Mtu wa masijala, ambaye kwa miaka tisa aliniachia vikaratasi vya maagizo mezani, sijui alikuwa anafikiria nini. Mimi nilisimama wima. Kama kuna mtu aliyenihurumia, alifanya hivyo bila ruhusa yangu.

Mkuu hakuwa mtu mbaya, lakini alikuwa ameshaandika barua, na mtu akishaandika barua masikio yake hupungua. Akasema hii ni habari nzuri sana kwa mtu mwenye shemeji. Akasema mnalindana. Hapo ndipo Miwani akasema jambo hili halihitaji kuaminiana. Tuchukue tope jipya, shimo moja, kipande kimoja, tuligawe mara mbili. Moja lifungwe, moja litandazwe siku tano. Halafu tupime.

Mkuu akakubali, kwa sharti kwamba awepo yeye mwenyewe. Kambare akaitwa kwa siku hiyo tu, tukaenda nguzo ya tano. Yeye alibaki kwenye tuta na viatu vyake. Mimi nilivaa suruali ya marehemu mume wangu nikaingia, kwa sababu nilitaka kushika mifuko kwa mkono wangu. Hatua ya tatu nikazama mpaka pajani. Kambare akaniambia bila kugeuka, "Usilikanyage tope. Lilalie, kama unampita mgonjwa kitandani." Nikalilalia likanibeba. Akang'oa tete moja njiani akanionyesha mzizi wake. Ulikuwa umevaa kutu nyekundu pande zote, na tope lililouzunguka ni la kijivu. Akasema hiyo ni hewa iliyoshuka, chuma cha udongo kimeiona kikapata kutu. Alikuwa hajafundishwa na mtu maana yake, alikuwa ameona tu kwa miaka kwamba iko hivyo, na Miwani ndiye aliyempa maneno.

Akasukuma bomba, akavuta, akakata. Kipande cha katikati akakigawa kwa kisu sawa sawa kama anagawia mapacha. Tope la mifuko yote miwili lilikuwa linanuka vizuri, namaanisha vibaya kama inavyotakiwa. Mkuu alibandika karatasi kwenye shingo ya kila mfuko na kutia sahihi. Mmoja ukaenda kwenye friji na kufungiwa. Wa pili alisema hautatandazwa chumba cha nyuma ambako nina ufunguo, utatandazwa ofisini kwake, juu ya meza yake, na yeye ndiye atakayenyunyizia maji. Siku ya kwanza na ya pili wageni wake alikutana nao ukumbini. Alitaka ushahidi, akashinda nao.

Kambare aliendelea kukaa nyumbani. Mimi niliendelea kuosha chupa, na hakuna aliyeniambia niache, nadhani walisahau. Kikao kilikuwa kimebakiza siku tatu.

Miwani alipima vyote viwili kwa siku moja, Mkuu amesimama nyuma yake. Tope lililofungwa lilikuwa na amonia nyingi na naitreti ya kutafutia kwa tochi. Lile la mezani kwa Mkuu lilikuwa limebadili nguo. Siyo lote, maana siku tano hazitoshi kumaliza, lakini ulipoweka karatasi yake kando ya zile za mwanzo zilikuwa ndugu wa baba mmoja. Mkuu alisoma, akarudia. Akasema, "Basi. Aje kazini Jumatatu."

Hayo tu. Kikao hakikukaa. Kambare alirudi Jumatatu na buti lake lenye kiraka, akaingia kinamasini, akaleta mifuko thelathini na sita. Mimi Jumatatu ile ile niliambiwa nisije tena, kwa kusema uongo siku ya kuandikishwa. Nikaacha aproni imekunjwa juu ya meza. Walikaa miezi miwili wakibadilisha waosha chupa, majibu ya Miwani yanaruka ruka kwa sababu ya chupa chafu, mpaka dereva akatumwa kwangu. Nikamwambia nitarudi nikiajiriwa, siyo kibarua, na kwenye fomu waandike hajui kusoma. Wakaandika. Jioni ya siku hiyo nilijiandikisha darasa la watu wazima. Sikuwafanyia wao. Nilitaka kuona nilichokuwa nimekifungua.

Kambare hakulizungumza tena jambo lile. Kitu alichobadilisha ni kimoja. Kwenye mifuko, chini ya yale maandishi, akaanza kuchora jicho lenye mstari katikati. Nilimwambia sasa nasoma, aache ujinga. Aliendelea kuchora mpaka anastaafu, akisema na wengine watakuja.

Alistaafu miaka kumi na moja iliyopita. Mkuu alikuwa mwingine, mwema, ila alifanya kazi na jalada alilolikuta. Lile jalada lina barua ya onyo. Halina karatasi yoyote inayosema onyo lilikuwa la makosa, kwa sababu yule wa kalamu tatu alisema "basi" kwa mdomo, na mdomo hauingii kwenye kabati. Siku ya kumuaga tulikaa kwenye viti vya ukumbi, akapewa cheti chenye mhuri, na mtu wa masijala akakisoma. Kiliandikwa kwamba alikitumikia kituo miaka thelathini na moja "kwa uaminifu, kwa muda mwingi".

Kwa muda mwingi. Watu walipiga makofi, nadhani hawakusikia. Yeye alisikia, wakati ule masikio yote mawili yalikuwa mazima. Alikipokea, akainama, akasema asante. Hajakitundika. Kiko chini ya godoro, upande wa ukutani, Mama Pacha amenionyesha. Mapacha walipojenga na kumwambia baba leta cheti tukiweke sebuleni, alisema kimepotea. Mtu yule hajawahi kusema uongo mwingine ninaoujua.

Mwezi uliopita nilimwuliza kwa nini hakudai. Akasema cheti kimeandikwa na watu waliosoma, huenda wanahesabu muda kwa namna nyingine. Halafu akauliza kama mvua zimeifikia nguzo ya saba. Sikio la kushoto halisikii, miguu imepasuka nyayo, mwaka huu ametoka hospitali mara mbili.

Ndiyo habari yake. Imepita ukurasa na sitaipunguza. Ninyi mlinitaka niwape kitu, nimewapa, sasa ni zamu yenu. Wewe uliyetia sahihi kwenye ile karatasi iliyokunjwa mara nne, simama hapo ulipo, nenda masijala, fungua jalada lake. Majibu ya Miwani ya yale matope mawili yapo kwenye daftari la vipimo la mwaka ule, sahihi ya Mkuu ipo pembeni, weka nakala yake juu ya ile barua. Halafu andika cheti kingine, maneno yote yabaki kama yalivyo isipokuwa yale matatu. Usimtume dereva. Kilete mwenyewe, mchana, akiwa amekaa, na umsomee upande wa sikio la kulia.